Jinsi elektroni zinavyovunja molekuli kwenye plazma baridi: mwongozo kamili wa kukokotoa

Mtu akitaka kujua kama plazma yake (gesi yenye elektroni huru na ioni, yaani atomi au molekuli zenye chaji) itavunja molekuli fulani, swali la kwanza huwa ni bondi, yaani kifungo kinachoshika atomi pamoja, ina nguvu kiasi gani. Anafungua jedwali, anakuta oksijeni ni elektronivolti (eV, kipimo cha nishati ya chembe ndogo) 5.12, anatazama nishati ya elektroni zake, kisha anakisia. Kwa njia hiyo karibu kila mara atakosea. Elektroni haikati bondi kwa kuipiga. Inaipandisha molekuli hadi kwenye hali ambayo atomi zake hazishikani tena, na gharama ya kupanda huko huwa kubwa kuliko bondi yenyewe. Humu tutatoka kwenye wazo hilo hadi kwenye namba za kwenda nazo maabara: molekuli ngapi zinavunjika kwa sekunde, kwa wati ngapi, na atomi ngapi zinabaki hai.

Nitatumia oksijeni kwenye shinikizo la paskali 10 tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu data zake ni nyingi na matatizo yake yote yanajulikana. Ukishaielewa, gesi nyingine utazimudu kwa kubadilisha namba, isipokuwa chache nitakazozitaja njiani.

Hatua ya 1: Iandike plazma yako kwa namba

Plazma baridi ni ile ambayo elektroni zake ni moto huku gesi yenyewe ikiwa karibu na halijoto ya chumba. Halijoto ya elektroni, Te, kwa kawaida huwa kati ya eV 1 na 5. eV moja ni sawa na kelvini 11,600, kwa hiyo tunazungumzia makumi ya maelfu ya kelvini ndani ya chombo unachoweza kukishika kwa mkono. Hali hii inawezekana kwa sababu ya tofauti ya uzito. Molekuli ya oksijeni ni nzito mara 58,000 hivi kuliko elektroni, na zikigongana bila molekuli kubadilika kwa ndani, elektroni hupoteza takriban 0.003% tu ya nishati yake. Inadunda na kuendelea na safari, uga wa umeme unaiongezea kasi, na baada ya migongano mingi ya namna hiyo inakuwa na nishati ya kutosha kufanya jambo kubwa zaidi.

Andika namba tano: shinikizo, halijoto ya gesi, Te, msongamano wa elektroni (ne), na ukubwa wa chombo pamoja na kitu kilichotengenezea ukuta wake. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, na tutaona inavyoweza kupindua matokeo yote.

Kwa mfano wetu: paskali 10, gesi kelvini 300, Te eV 3, ne 10¹⁶ kwa mita ya ujazo, na mrija mrefu wa nusu kipenyo sentimita 5. Msongamano wa molekuli unapatikana kwa kugawanya shinikizo kwa zao la namba ya Boltzmann na halijoto: 10 ÷ (1.38×10⁻²³ × 300) = 2.4×10²¹ kwa mita ya ujazo. Kama gesi imepata joto hadi kelvini 600, namba hiyo inakuwa nusu. Usitumie 300 kwa mazoea, pima.

Hatua ya 2: Tambua molekuli inavunjikia njia ipi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo tusiharakishe.

Elektroni yenye eV 10 inakwenda karibu kilomita 1,900 kwa sekunde. Kupita kwenye upana wa molekuli, yaani sehemu tatu za kumi za nanomita, inaichukua chini ya femtosekunde 0.2. Atomi mbili za oksijeni zinahitaji femtosekunde 21 kumaliza mtetemo mmoja. Kwa elektroni hiyo, atomi zimesimama tuli kama kwenye picha iliyopigwa kwa mmweko wa kamera. Inachoweza kubadilisha ni mpangilio wa elektroni za molekuli tu. Umbali kati ya atomi unabaki vilevile mpaka mgeni ameshaondoka. James Franck na Edward Condon walilieleza hilo mwaka 1926, na kanuni yao ndiyo msingi wa hesabu zote zinazofuata.

Matokeo yake ni haya. Molekuli inapandishwa wima hadi kwenye hali mpya, atomi zikiwa bado katika umbali wao wa zamani. Kama katika umbali huo hali mpya ni ya kusukumana, atomi zinaachana papo hapo, na nishati iliyozidi ile ya bondi inageuka mwendo wa vipande. Kwa hidrojeni bondi ni eV 4.48, lakini kupanda wima hadi kwenye hali ya kusukumana iliyo chini kabisa kunagharimu karibu eV 10. Tofauti inagawanywa kati ya atomi mbili, kila moja ikaruka na zaidi ya eV 2. Gesi ikipata joto lisilotarajiwa, mara nyingi chanzo ni vipande hivi vyenye mwendo mkali.

Kwa oksijeni kuna njia mbili kubwa. Moja inaanzia karibu eV 6 na kutoa atomi mbili za kawaida. Nyingine ni ya karibu eV 8.4, na humo atomi moja hutoka ya kawaida na ya pili hutoka ikiwa na msisimko wa takriban eV 2. Njia hii ya pili ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi kwenye plazma nyingi, maana eneo lake la mgongano (kipimo cha uwezekano wa tukio, tutalifafanua katika Hatua ya 3) ni kubwa zaidi.

Zipo njia nyingine ambazo elektroni huvunja molekuli, na ni lazima uamue ipi inahesabika na ipi unaweza kuiacha:

Kwanza, elektroni inaweza kunaswa. Inaingia kwenye molekuli, ioni hasi ya muda inazaliwa, kisha inapasuka na kuwa atomi moja na ioni hasi moja. Kwa oksijeni hili linawezekana kuanzia eV 3.66, yaani chini ya bondi, kwa kuwa atomi ya oksijeni ikiipokea elektroni hutoa eV 1.46, na hizo zinapunguza gharama. Kilele chake kiko karibu eV 6.5, ila eneo la mgongano hapo ni kama 1.4×10⁻²² mita za mraba tu, dogo mara kadhaa ya kumi kuliko la njia ya eV 8.4. Kwenye gesi zenye klorini au florini hali ni tofauti kabisa: baadhi yake hunasa elektroni zenye nishati karibu na sifuri. Namna hii ya kuvunjika ndiyo iliyowashangaza wengi mwaka 2000, kikundi cha Sherbrooke nchini Kanada kilipoonyesha kuwa elektroni za chini ya eV 20 zinakata nyuzi za DNA kwa kupitia ioni hasi za muda za aina hiyohiyo.

Pili, ioni chanya ya molekuli inaweza kukutana na elektroni, ikapokea nishati yote ya uionishaji (ile iliyotumika kuing'oa elektroni) na kupasuka. Kwa oksijeni zinabaki eV 6.95 za kugawana. Mwanga wa kijani wa nanomita 557.7 unaotoka angani juu usiku kwa sehemu unatokana na mmenyuko huu. Ila kwenye mfano wetu njia hii ni ndogo: kizidishi chake cha kasi (namba inayoonyesha tukio linatokea haraka kiasi gani, tutaifafanua katika Hatua ya 4) kwa kelvini 300 ni karibu 2×10⁻¹³ mita za ujazo kwa sekunde, na hata ukikitumia bila kukipunguza kwa ajili ya joto la elektroni, unapata matukio 2×10¹⁹ kwa kila mita ya ujazo kwa sekunde. Weka namba hiyo pembeni, tutailinganisha.

Tatu, molekuli inaweza kupanda ngazi ya mitetemo, hatua moja ndogo baada ya nyingine, hadi ikavunjika. Watu wa kaboni dioksidi wanaipenda sana njia hii kwa sababu mtetemo wake usiolingana unagharimu eV 0.29 tu kwa hatua, na elektroni za eV 1 hadi 2 hufanya kazi hiyo vizuri. Ni wazo zuri, lakini mimi huwa na shaka nalo kila gesi inapovuka kelvini 3,000 hivi. Kufikia hapo joto lenyewe linaivunja kaboni dioksidi, na kulisifu kundi la mitetemo kwa kazi iliyofanywa na joto ni kujidanganya.

Nitrojeni nayo ina tabia yake. Bondi ni eV 9.76, na elektroni inahitaji zaidi ya eV 12 ili kuivunja kwa kasi ya maana, wakati uionishaji unaanza eV 15.58. Kwa hiyo ndani ya nitrojeni tupu atomi ni chache. Lakini ndani ya hewa, nitrojeni yenye msisimko inakabidhi nishati yake kwa oksijeni na kuivunja. Hali yake ya msisimko iliyo chini kabisa ina eV 6.17, ambazo zinatosha kwa bondi ya eV 5.12 na chenji inabaki. Ukihesabu elektroni peke yake kwenye plazma ya hewa, utapata atomi za oksijeni pungufu.

Hatua ya 3: Tafuta maeneo ya mgongano, na usiyahesabu mara mbili

Eneo la mgongano, σ, ni ukubwa ambao molekuli inauonyesha kwa elektroni yenye nishati fulani kwa ajili ya tukio fulani. Hubadilika kwa nishati: chini ya kizingiti ni sifuri, juu yake linapanda, linafika kilele, linashuka taratibu. Kwa matukio ya kuvunja molekuli, ukubwa wa kawaida kwenye kilele ni kati ya 10⁻²¹ na 10⁻²⁰ mita za mraba.

Hazina kubwa ya data hizi ni LXCat, tovuti huria inayokusanya seti kutoka kwa waandaaji mbalimbali. Chagua seti moja kamili ya gesi yako na ubaki nayo. Seti hizi hurekebishwa kwa pamoja hadi ziweze kutoa kasi ya mwendo wa elektroni iliyopimwa, kwa hiyo kuchukua mstari mmoja hapa na mwingine kule kunavunja ulinganifu huo.

Sasa angalia kwa karibu. Fungua seti ya oksijeni iitwayo Phelps, mojawapo ya zilizomo LXCat, na utakuta mistari ya upotevu wa nishati kwenye eV 0.977, 1.627, 4.5, 6.0, 8.4, 9.97 na 14.7. Hakuna iliyoandikwa wazi kwamba molekuli inavunjika. Kazi ya kuamua ni yako. Miwili ya kwanza ni hali za msisimko zinazodumu, si za kuvunja. Wa 4.5 hauwezi kuvunja molekuli iliyotulia, kwa kuwa hauifikii eV 5.12. Ule wa 6.0 na ule wa 8.4 ndio wanaochukuliwa kuwa uvunjaji, kila mmoja na vipande vyake kama tulivyoona. Ukiongeza juu yao mstari mwingine wa «jumla ya uvunjaji» kutoka kwenye makala tofauti, umeshahesabu tukio moja mara mbili, na elektroni zako zitaonekana baridi kuliko zilivyo.

Kwa metani, na kwa gesi zenye florini kama CF₄, sheria ya mkono ni rahisi zaidi: karibu kila msisimko wa kielektroniki huishia kwenye kuvunjika. CF₄ haiwezi hata kubaki ioni nzima. Ikitolewa elektroni inapasuka.

Hatua ya 4: Kokotoa kizidishi cha kasi, k

k ni wastani wa zao la σ na kasi ya elektroni, ukichukuliwa juu ya elektroni zote. Ukizidisha k kwa ne unapata mara ngapi kwa sekunde molekuli moja inavunjwa.

Kwa makadirio ya kwanza, chukulia σ ni sifuri chini ya kizingiti E na thamani moja σ₀ juu yake, na elektroni zifuate mgawanyo wa Maxwell, yaani mtawanyiko wa nishati wa chembe zilizo katika halijoto moja. Hapo hesabu inamalizika kwa mstari mmoja:

k = σ₀ × 6.7×10⁵ × √Te × (1 + E/Te) × e^(−E/Te)

Te na E ziwe kwa eV, na σ₀ kwa mita za mraba. Tuchukue E = 8 na σ₀ = 5×10⁻²¹.

Te ikiwa 1, k ni 1.0×10⁻¹⁷ mita za ujazo kwa sekunde.
Te ikiwa 2, k ni 4.3×10⁻¹⁶.
Te ikiwa 3, k ni 1.5×10⁻¹⁵.
Te ikiwa 4, k ni 2.7×10⁻¹⁵.

Kutoka eV 1 hadi 2, k imeongezeka mara 43. Kutoka 2 hadi 4, mara 6 tu. Kazi yote inafanywa na mkia wa mgawanyo, zile elektroni chache zenye nishati zaidi ya kizingiti, na kwenye plazma ya ubaridi mkia huo unakua kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo kosa la nusu eV katika kupima Te linaweza kukuharibia jibu kuliko kosa la asilimia 30 kwenye σ. Ukiwa na fedha ya kuboresha kipimo kimoja tu, boresha cha Te.

Makadirio haya yana ugonjwa wake: mgawanyo wa kweli si wa Maxwell. Elektroni zikishavuka vizingiti hupoteza nishati kwa wingi, na mkia unakatwa. Nitrojeni inakata hata mapema, kwa kuwa inameza elektroni za karibu eV 2.3 ili kutetemeka. Dawa yake ni kutatua mlinganyo wa Boltzmann, ambao unakokotoa mgawanyo wa kweli wa nishati za elektroni. Programu ya BOLSIG+ ya Hagelaar na Pitchford hufanya hivyo bure: unaipa seti ya maeneo ya mgongano na uwiano wa uga wa umeme kwa msongamano wa gesi, nayo inakurudishia k ya kila mmenyuko. Uwiano huo hupimwa kwa Townsend, ambapo moja ni 10⁻²¹ volti mara mita za mraba. Hewa ya kawaida huanza kupasuka kwa umeme karibu na 120. Fanya hesabu ya mkono kwanza hata hivyo. Programu ikikupa k iliyo mbali mara 100 na yako, kuna namba imeingizwa vibaya, na mara nyingi ni kipimo cha σ.

Hatua ya 5: Ikague kwa wati

Kwa Te = 3, k × ne = 1.5×10⁻¹⁵ × 10¹⁶, karibu 15 kwa sekunde. Molekuli moja inaishi wastani wa milisekunde 68. Zidisha kwa 2.4×10²¹ upate matukio 3.5×10²² kwa mita ya ujazo kila sekunde, na sasa ile njia ya ioni chanya tuliyoiweka pembeni inaonekana ilivyo: ndogo zaidi ya mara 1,000. Iache.

Kila tukio linakula angalau eV 8. Hiyo ni kilowati 45 kwa mita ya ujazo, au wati 45 kwa lita, kabla hujalipia mitetemo, uionishaji na ioni zinazogonga ukuta. Sasa tazama chanzo chako cha umeme. Kama kinatoa wati 20 kwa lita, basi Te ya 3 pamoja na ne ya 10¹⁶ haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Moja ni uongo, au gesi imeshavunjika kiasi kwamba oksijeni kamili imebaki kidogo. Ukaguzi huu unachukua dakika mbili, nami sielewi kwa nini makala nyingi huuruka.

Hatua ya 6: Hesabu atomi zinazobaki

Kuvunja ni nusu ya habari. Kwenye paskali 10 atomi hukutana tena hasa ukutani, si hewani. Ukuta una uwezekano γ wa kuiunganisha atomi inayougonga. γ ikiwa ndogo, kasi ya kupotea ni γ × v × A ÷ 4V, ambapo v ni kasi ya wastani ya atomi (mita 630 kwa sekunde kwa oksijeni ya kelvini 300) na A/V ni eneo la ukuta kwa ujazo, yaani 40 kwa mita katika mrija wetu.

Chukua kioo chenye γ ya 0.001: atomi inapotea mara 6.3 kwa sekunde. Kila tukio linazaa atomi mbili, kwa hiyo uwiano wa atomi kwa molekuli ni 2 × 15 ÷ 6.3, karibu 4.7. Asilimia 70 ya oksijeni imevunjika. Sasa weka ukuta wa chuma wenye γ ya 0.1. Upotevu unafika mamia kwa sekunde, ambapo hata mwendo wa atomi kuelekea ukutani unaanza kuwa kikwazo. Ukichukua 300, kilichovunjika kinashuka hadi asilimia 5. Elektroni ni zilezile na umeme ni uleule.

Shinikizo likipanda hadi la angahewa, atomi ya oksijeni inaidaka molekuli nzima kabla ya kuuona ukuta, na ozoni inazaliwa. Kifaa cha Werner von Siemens cha mwaka 1857 kilifanya hivyo, na mitambo ya ozoni ya leo bado inafuata mpangilio wake.

Hatua ya 7: Pima, lakini kiangalie na kipimo

Njia rahisi ni mwanga. Ongeza gesi ya agoni asilimia chache, kisha linganisha mstari wa mwanga wa atomi ya oksijeni wa nanomita 844.6 na ule wa agoni wa 750.4. Wa kwanza unahitaji elektroni za eV 10.99, wa pili 13.48, vizingiti viko karibu kiasi, kwa hiyo mabadiliko ya Te hayasumbui sana. Tatizo ni kwamba elektroni ya zaidi ya eV 16 inaweza kuivunja molekuli na kuwasha kipande chake kwa pigo moja, ukaona mwanga wa atomi ambayo haikuwahi kuwa huru kabla ya hapo. Molekuli zilizovunjika zikiwa chache, asilimia moja au mbili, usiuamini mstari huo peke yake.

Njia yenye uhakika zaidi ni spektromita ya uzito, kifaa kinachotenganisha ioni kwa uzito wake, mradi uelewe kwamba nacho kina boriti (mkondo mwembamba) ya elektroni inayovunja molekuli sawasawa na plazma yako. Kwa eV 70 za kawaida, oksijeni nzima inapasuka ndani ya kifaa na kutoa ishara kwenye uzito 16 hata plazma ikiwa imezimwa. Shusha nishati ya boriti. Atomi huru inaionishwa kuanzia eV 13.6, ilhali kupata ioni hiyo kutoka kwa molekuli kunahitaji 18.7. Zima plazma, pandisha boriti polepole kutoka eV 12 hadi 22, na uandike ishara ya uzito 16: itaanza karibu 18.7. Washa plazma urudie. Ishara itakayotokea kati ya 13.6 na 18.7 ndiyo ya atomi zako, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na asilimia 70 au 5 uliyoikokotoa.